Mbona Daraja la Zhaozhou Halijaanguka?

Katika wilaya ya Zhao, jimbo la Hebei kaskazini mwa China, kuna daraja la mawe lenye tao kubwa moja ambalo limekuwa likivusha watu tangu mwanzoni mwa karne ya 7. Lilijengwa kati ya mwaka 595 na 605, enzi ya utawala wa Sui, na fundi wake mkuu alikuwa Li Chun. Jina lake rasmi ni Anji, ila wengi wanalijua kama daraja la Zhaozhou. Tao hilo linaruka mita 37 bila nguzo hata moja ndani ya mto. Zaidi ya karne moja baadaye waziri wa enzi ya Tang, Zhang Jiazhen, aliandika kwamba kazi ile ni ya ajabu na watu hawajui fundi aliifanyaje.

Leo tunajua. Tena karibu yote aliyoyafanya yanaonekana kwa macho ukisimama ukingoni na kujua pa kutazama, na hilo ndilo linaloyatofautisha madaraja ya kale ya China na majengo mengi yanayosifiwa kwa uzuri. Ule mkunjo unaomfanya mpita njia atoe simu apige picha umetokana na maswali matatu ya kifundi: chini kuna udongo gani, mtoni kunapita nini, na juu kutapita nini. Majibu yakibadilika, sura ya daraja nayo inabadilika.

Jiwe linapenda kubanwa

Kila mwashi anaijua tabia ya jiwe: ukiligandamiza linavumilia, ukilivuta au kulipinda linakatika. Laza bamba la jiwe juu ya nguzo mbili, kisha weka mzigo katikati. Uso wa juu unabanwa, uso wa chini unavutwa, na ufa unaanzia chini. Ndiyo maana madaraja ya mabamba huwa na nguzo nyingi zilizokaribiana. Daraja la Luoyang huko Quanzhou, lililojengwa kati ya 1053 na 1059, ni la namna hiyo. Mafundi wake walipandikiza chaza kwenye misingi ili magamba yake yaunganishe mawe. Anayejua jinsi chaza wanavyong'ang'ania mwamba hatashangaa kwamba ujanja huo ulifaa.

Tao linaondoa kule kuvutwa. Mawe yanapangwa kama kabari, mapana juu na membamba chini, na kila moja linalotaka kudondoka linazuiwa na jirani zake wawili. Uzito hauendi chini moja kwa moja. Unapita kutoka jiwe hadi jiwe, ukifuata mkunjo, mpaka unafika kwenye miguu ya tao, na huko unasukuma ukingo kwa pande mbili kwa pamoja: kwenda chini na kwenda nje.

Ukitaka kuliona hilo, shika mkufu mwembamba kwa ncha zake mbili uuache uning'inie. Umbo unalolipata limechorwa na uzito wa pete zenyewe, na kila pete inavutwa tu, haipindwi. Sasa ufikirie mkunjo huo umegeuzwa juu chini: kilichokuwa kinavutwa kinabanwa. Robert Hooke aliliandika wazo hili Uingereza mwaka 1675. Ukiuongezea mkufu vishaufu vizito karibu na ncha, umbo linabadilika. Ukiuning'iniza kitu upande mmoja, unapinda kuelekea huko. Mstari wa nguvu ndani ya tao unacheza vivyo hivyo kila mzigo unapohama.

Kazi ya fundi ni kuhakikisha mstari huo haukaribii kutoka nje ya unene wa mawe. Kanuni ya kazi inasema ubaki ndani ya theluthi ya kati. Tao la Zhaozhou lina unene wa mita 1.03, kwa hiyo mstari unatakiwa ucheze ndani ya mkanda wa sentimita 34 hivi. Ukiuvuka mkanda huo, viungo vya mawe vinaanza kufunguka upande wa pili. Ufa mmoja wa hivyo hauangushi daraja. Tao huporomoka pale linapopata mahali pa kujikunja kama bawaba kwa kupishana, moja linafunguka juu na linalofuata chini, hadi zitimie nne. Lori zito likisimama kwenye robo ya daraja ni hatari kuliko likisimama katikati kabisa, kwa sababu linausukuma mstari upande mmoja na kuliinua bega la pili.

Bei ya tao bapa

Njia rahisi ya kupata tao tulivu ni nusu duara kamili, kwa kuwa inashusha uzito karibu wima na kingo hazisukumwi sana. Tatizo ni kimo. Uwazi wa mita 37 kwa nusu duara unataka kimo cha mita 18 na nusu, sawa na nyumba ya ghorofa sita. Mkokoteni uliojaa nafaka haupandi hapo, na kuushusha upande wa pili ni kazi ya hatari zaidi. Ukigawa mto kwa matao madogo matatu, utapata barabara ya chini lakini umetia nguzo mbili majini, na nguzo zinaziba njia ya mafuriko.

Li Chun alichukua kipande tu cha duara. Kimo cha tao lake ni mita 7.2 hivi, chini kidogo ya moja ya tano ya uwazi. Kama ungelikamilisha duara lake, nusu kipenyo kingekuwa takriban mita 27 na kitovu kingeangukia chini ya kitanda cha mto. Warumi nao walikuwa na matao bapa, kwa hiyo tusiseme hakuna aliyewahi kuwaza hivyo kabla yake. Ila ubapa kwa uwazi mkubwa namna hii, pamoja na mabega yaliyotobolewa ambayo tutayafikia, ni jambo lake.

Bei ya ubapa ni msukumo wa pembeni. Namna ya kuukadiria ni hii: chukua uzito wa kila mita ya daraja, zidisha kwa uwazi, zidisha kwa uwazi tena, kisha gawanya kwa mara nane ya kimo. Tuseme, kwa mfano tu, kila mita ina tani 1. Kwa kimo cha mita 18.5 kila ukingo unasukumwa kwa tani 9 na kidogo. Kwa kimo cha mita 7.2 unasukumwa kwa karibu tani 24. Uzito haujaongezeka hata kilo, lakini msukumo umezidi mara mbili na nusu. Daraja halisi lina tani nyingi mno kwa kila mita, kwa hiyo zidisha tena.

Mtu angetegemea basi misingi mikubwa ya kutisha. Iliyopo ni tabaka tano za mawe zilizolala juu ya udongo wa asili, bila nguzo ndefu za kuchimbia chini. Siri yake ni kuchagua mahali: udongo pale ni mgumu na umeshindiliwa na mto wenyewe kwa muda mrefu. Baada ya miaka 1,400, tofauti ya kimo kati ya pande mbili ni kama sentimita 5. Kuna nyumba mpya za mjini zilizozama kuliko hapo.

Matundu manne mabegani

Ukilitazama kwa pembeni, juu ya tao kubwa kuna matao madogo manne, mawili kila upande. Makubwa kati yake yana uwazi wa karibu mita 3.8 na madogo mita 2.85. Mgeni huyachukulia kama pambo. Kwa kawaida sehemu ile, kati ya mgongo wa tao na barabara, hujazwa mawe na udongo mpaka juu.

Kuacha matundu kunafanya kazi tatu. Kwanza kunapunguza uzito: makadirio yanayotajwa ni tani 700 hivi, karibu asilimia 15 ya daraja zima, na tani usiyoiweka ni tani isiyosukuma ukingo. Pili, mto ukifurika maji yanapita pia mabegani badala ya kulisukuma daraja kama ukuta. Tatu, na hili ndilo gumu kuliona, linahusu ule mkufu. Bega lililojazwa udongo ni kama vishaufu vizito vilivyofungwa karibu na ncha: mstari wa nguvu unatuna kwenye mabega na utosi wa tao unasukumwa juu. Kwa kuyatoboa mabega, Li Chun aliurudisha mstari karibu na katikati ya mawe.

Pambo lipo pia, kwa kiasi. Kwenye utosi, upande unaotazama maji, kuna uso wa mnyama wa kumeza maji, kinga dhidi ya mafuriko. Vizuizi vya pembeni vimechongwa majoka yanayopenya bamba la jiwe, kichwa kimetokea huku na mkia kule. Wachongaji waliachiwa nafasi pale ambapo jiwe halibebi mzigo mkubwa. Penye mzigo, limeachwa jiwe tupu.

Mbavu 28 na viuno vya chuma

Tao lenyewe si kitu kimoja. Ni mbavu 28 zilizosimama ubavu kwa ubavu kama vipande vya mkate, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 34 hivi na mawe zaidi ya 40, kila jiwe likikaribia tani moja. Mafundi waliweza kuinua ubavu mmoja juu ya kiunzi chembamba cha mbao, wakaufunga, wakakisogeza kiunzi kwenye ubavu unaofuata. Mbao zikapungua sana. Faida nyingine ilionekana karne nyingi baadaye: mbavu 5 za upande wa magharibi zilianguka, kisha 3 za mashariki, na 20 za katikati zikaendelea kubeba barabara kana kwamba hakuna lililotokea.

Lakini kuanguka kwenyewe kunaonyesha udhaifu wa mtindo huu. Mbavu zisizofungamana zinaelekea kufunguka kwenda nje, kama vitabu vilivyosimama bila kizuizi. Li Chun alilijua hilo na akaweka kinga kadhaa. Daraja ni jembamba kidogo katikati kuliko miguuni, mita 9 dhidi ya mita 9.6, hivyo mbavu za pembeni zinaegemea ndani. Fito 5 za chuma zimepita kutoka upande hadi upande ndani ya tao kubwa, na vichwa vyake vya mviringo vinaonekana nje. Yapo pia mawe marefu yenye kulabu yaliyoshika ubavu wa nje.

Kati ya jiwe na jiwe kuna kibano kidogo ambacho Wachina hukiita kiuno cha chuma. Ukikiangalia kwa karibu, umbo lake ni kama ngoma iliyolazwa: pana pande zote mbili, jembamba katikati. Nusu ya tundu lake inachongwa kwenye jiwe la kwanza na nusu kwenye la pili, chuma kinaingizwa, na mawe hayawezi kuachana bila kimoja kuvunjika. Nyuso za mawe zinazogusana zimechanjwa mistari myembamba ya mshazari ili zisiteleze. Hizi zote ni kinga za kuvutwa na kuteleza. Kubanwa hakuhitaji chuma.

Kusini, kwenye tope

Shuka hadi nchi ya mifereji iliyo kusini ya mto Yangtze, mitaa ya Suzhou na Hangzhou, ukute majibu yote yamegeuka. Juu hakupiti mikokoteni mizito. Watu wanatembea kwa miguu na mizigo iko begani. Chini kunapita mashua zenye milingoti. Udongo ni tope laini. Tao bapa lingesukuma kingo za tope mpaka zihame, kwa hiyo matao huku ni nusu duara au zaidi, marefu juu, membamba, na barabara yake ni ngazi. Uakisi majini ukikamilisha nusu ya pili, unapata mwezi mzima. Wapiga picha wanaupenda, na mashua nazo zinafurahia ile nafasi ya kupita.

Daraja la Mkanda wa Jade kwenye bustani ya kifalme ya Beijing, la karne ya 18, lilijengwa kaskazini kwa mtindo huu wa kusini. Barabara yake inapanda kwa mkunjo unaolala, unasimama, kisha unalala tena. Wachina hufananisha umbo hilo na nundu ya ngamia. Mfalme alikuwa akipita chini yake kwa mashua.

Unyembamba wa kusini ni wa makusudi. Msingi wa tope utazama tu, swali ni kwa kiasi gani na wapi. Tao nene na gumu likizamishwa upande mmoja linapasuka. Tao jembamba lenye viungo vingi linajikunja kidogo kwenye viungo, linatafuta mkao mpya na kuendelea. Chini ya nguzo hupigiliwa magogo mafupi yaliyosongamana, yakipangwa kama petali za ua, moja katikati na mengine kulizunguka. Juu yake huwekwa mabamba ya mawe ndipo nguzo ianze. Gogo likibaki chini ya maji siku zote halipati hewa na linadumu karne nyingi. Linaloozesha msingi ni kina cha maji kinachopanda na kushuka, kwa sababu gogo linalolowa na kukauka kwa zamu huliwa haraka.

Tofauti na Zhaozhou, mafundi wa kusini hawakuacha mbavu peke yake. Walijenga tao kwa vipande virefu vya jiwe lililochongwa mkunjo, na kila mwisho wa kipande wakalaza jiwe moja refu la kukatiza daraja lote. Mbavu zikawa zimefungwa kama ngazi. Ndani ya mabega pia walipitisha mawe marefu yanayoshika ukuta wa upande huu na wa upande ule, na vichwa vyake hutokeza nje. Mara nyingi chini ya vichwa hivyo kuna mihimili ya wima iliyochongwa mashairi ya mistari miwili. Watalii husoma mashairi (au hupigwa picha nayo) bila kujua kwamba jiwe wanaloliegemea linazuia ukuta usifumuke.

Daraja la Baodai la Suzhou ni somo peke yake. Lina matao 53 na urefu wa karibu mita 317. La kwanza lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 9, na inasimuliwa kwamba gavana Wang Zhongshu aliuza mkanda wake wa thamani kuchangia gharama, ndiyo asili ya jina. Lililopo lilijengwa upya mwaka 1446. Lilitumiwa na wavuta mashua kwa kamba pembeni ya Mfereji Mkuu, hivyo lilipaswa kuwa la chini na tambarare ili mvutaji asipande na kushuka. Matatu tu ndiyo yameinuliwa kupitisha vyombo vikubwa.

Nguzo zake nyingi zina unene wa sentimita 60 hivi. Ni nyembamba mno kwa sababu tao la kushoto linaisukuma nguzo kulia, la kulia linaisukuma kushoto, na misukumo inafutana. Nguzo inabaki na kazi ya kubeba uzito wa wima tu. Hesabu hiyo ni nzuri mradi tao moja lisitoke. Likitoka, nguzo ya jirani inasukumwa na upande mmoja, inalala, na tao lake linafuata. Mwaka 1863 kikosi cha afisa Mwingereza Charles Gordon, yule aliyekuja kuuawa Khartoum mwaka 1885, kiliondoa tao moja ili meli ya mvuke ipite. Matao 26 yakaporomoka mfululizo. Ndiyo maana katika safu ndefu namna hii huwekwa nguzo nene ya pacha mahali fulani, inayoweza kusimama hata ikisukumwa na upande mmoja. Baodai inayo moja, ya 27. Ukilitazama kwa haraka utafikiri ni kosa la fundi.

Kulifunga tao

Kazi huanza maji yakiwa machache. Mahali pa nguzo hufungwa kwa boma la mianzi na udongo, maji yanatolewa, magogo yanapigiliwa. Kisha kiunzi cha mbao kinasimamishwa chenye mgongo wa umbo la tao, kikipewa kimo cha ziada kidogo kwa kuwa mbao zitabonyea na viungo vitajibana. Mawe hupangwa kuanzia miguu yote miwili kwa pamoja, jiwe huku na jiwe kule. Ukitangulia upande mmoja, kiunzi kinasukumwa, utosi wake unahama, na tao linazaliwa limepinda. Mafundi huweka mawe ya mzigo juu ya utosi wa kiunzi ili usiinuke wakati mabega yanajengwa.

Pengo la mwisho liko utosini. Badala ya kulidondosha tu jiwe la kufungia, mafundi wa kusini walikuwa wakiingiza kabari za mbao ngumu ndani ya pengo na kuzigonga kidogokidogo kwa zamu. Viungo vyote vya tao vinabanwa, na tao linajinyanyua kutoka kwenye kiunzi kwa unywele tu. Hapo ndipo mawe ya kufungia yanaingizwa, kabari zinatolewa moja moja, na tao linakuwa tayari linajibeba. Kiunzi kinaondolewa bila mshtuko.

Hatua hiyo ya kuondoa kiunzi ndiyo inayofichua uzembe wote. Tarehe 13 Agosti 2007, huko Fenghuang katika jimbo la Hunan, daraja jipya la matao ya mawe, lenye matao manne ya mita 65 kila moja, liliporomoka wakati wa kuondoa viunzi, na watu 64 wakafa. Mawe na udongo wa kujengea wa tao havikuwa na ubora uliotakiwa, na kazi ilikuwa imeharakishwa. Mtindo wenyewe haukuwa na kosa: daraja la Danhe katika jimbo la Shanxi, lililokamilika mwaka 2000, lina tao la mawe la mita 146.

Kuhusu chokaa, msomaji wa pwani ana pa kuanzia. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, na matao ya msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, yameshikwa na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa tanuuni na kuzimwa kwa maji. Humo vipande vya mawe ni vidogo na havina umbo maalumu, kwa hiyo chokaa ndiyo inayobeba jengo. Kwenye tao la mawe makubwa yaliyochongwa, chokaa ina kazi ndogo zaidi: kusambaza mbano ili jiwe lisiguse jirani yake kwa nukta moja na kupasuka, na kuzuia maji. Wachina waliichanganya na uji wa mchele wa kunata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang walionyesha mwaka 2010 kwamba wanga wa mchele huo unadhibiti ukuaji wa fuwele za chokaa, zinakuwa ndogo na zilizosongamana, na ugumu unaongezeka bila chokaa kuwa ya kukatika upesi kama saruji. Hilo la mwisho ndilo muhimu. Saruji ni ngumu kuliko tao lenyewe linavyotaka. Haijikunji, inafungia unyevu ndani, na jiwe ndilo linalokatika.

Barafu na mafuriko

Daraja la Lugou, kusini magharibi mwa Beijing, lilijengwa kati ya 1189 na 1192. Lina matao 11 na urefu wa karibu mita 267. Marco Polo alilisifu sana na akalipa matao 24, labda kwa furaha. Simba wa mawe juu ya nguzo za vizuizi ni mamia, wengine wamefichwa ndani ya manyoya ya wenzao, na Wachina wana msemo kwamba simba wa Lugou hawahesabiki.

Chini ya simba hao kuna kazi isiyopigwa picha. Mto Yongding huganda wakati wa baridi, na joto likirudi mabamba ya barafu hushuka kwa kasi na kugonga nguzo. Kila nguzo upande wa juu wa mto imechongwa kama pua ya jahazi, na kwenye makali yake umeingizwa mhimili wa chuma wa pembetatu. Bamba la barafu linapanda kwenye makali hayo, linapasuka, vipande vinapita kwenye matao. Upande wa chini wa mto nguzo ni butu zaidi. Mto huu zamani uliitwa Usiotulia. Mwaka 1698 mfalme Kangxi aliubatiza Yongding, yaani utulivu wa milele, na mwaka huohuo akalazimika kulijenga upya daraja lililoharibiwa na mafuriko yake. Mwaka 1975 trela la zaidi ya tani 400 lilivushwa hapo, na matao yakalibeba.

Mzigo, basi, si adui mkubwa wa madaraja haya, alimradi usiwe wa kila siku. Maji ndiyo adui. Yanapozungukia pua ya nguzo yanaongeza kasi na kuchimba mchanga wa chini, na shimo linajificha kwa sababu mafuriko yakipungua mashapo hulijaza tena. Nguzo inaonekana nzima kumbe imekaa juu ya mchanga mbichi. Daraja la Zhenhai huko Tunxi, lililoanza mwaka 1536, lilichukuliwa na mafuriko ya Julai 2020. Mawe yake yaliopolewa mtoni ili yatumike katika kulijenga upya.

Ukarabati nao una madhara yake. Zhaozhou yenyewe ilifanyiwa kazi kubwa miaka ya 1950. Mbavu zilizoanguka zilirudishwa, zege likawekwa juu ya mgongo wa tao, mawe mengi ya uso na vizuizi yakawa mapya. Msanifu Liang Sicheng, aliyelipima daraja hilo mwaka 1933, alilalamika baadaye kwamba mzee amerudishwa ujana. Daraja likawa salama, lakini uso wa karne 13 haukurudi.

Kwa anayekagua, dalili za kwanza ni ndogo. Tazama kwa jicho moja kando ya vizuizi: mstari ukibonyea mahali, nguzo iliyo chini yake imezama. Ingia chini ya tao uangalie viungo: vilivyofunguka kwa chini utosini na kwa juu mabegani vinaonyesha kwamba miguu imesogea nje. Jiwe lililoteleza chini ya jirani zake hata kwa upana wa kidole lipimwe kila mwezi. Ukuta wa pembeni uliotuna una maji ndani, na ukiupiga plasta ya saruji unayafungia humo.

Halafu kuna miti. Mbegu za mforosadi-karatasi huota kwenye viungo vya madaraja ya kusini, na katika miaka michache mzizi unakuwa mnene kama mkono. Kosa la kawaida ni kuung'oa. Mzizi huo umekwisha kuwa sehemu ya tao, umelisukuma jiwe na sasa unalishikilia. Ukiuvuta unatoka na kabari. Shina hukatwa karibu na jiwe, mabaki yanapakwa dawa ya kuua mizizi na kuachwa yakauke palepale, kisha pengo linajazwa chokaa laini kwa awamu, kila awamu ikisubiri iliyotangulia ishike.